Nyonga mbili za mgonjwa mmoja: miaka 15 baada ya upasuaji wa kuokoa kiungo

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa Nairobi aliyekua na vikombe vya nyonga, yaani matundu ya fupanyonga yanayoshika vichwa vya mifupa ya paja, visivyo na kina cha kutosha, kulia na kushoto. Nyonga ya kulia ilifanyiwa upasuaji wa kuokoa kiungo mwaka 2010, akiwa na miaka 26. Ya kushoto ilipangiwa upasuaji uleule, haikufanyiwa. Leo ya kulia ingali ile aliyozaliwa nayo, na ya kushoto ni ya bandia. Mambo ya kumtambulisha, pamoja na hospitali zilizohusika, yameondolewa au kubadilishwa.

Alivyofika kliniki

Kazi yake ilikuwa ya kusimama, saa tisa hadi kumi kwa siku. Maumivu yalianza upande wa kulia, mwanzoni jioni tu, baadaye hata akigeuka kitandani. Kwa miaka miwili alizunguka zahanati. Alidungwa sindano za diklofenaki, akatibiwa mgongo, akapigwa picha ya tumbo mara mbili kwa kudhaniwa kwamba shida ni ya uzazi. Picha ya nyonga hakupigwa hata moja.

Jambo lililofungua kisa lilikuwa dogo. Alipoulizwa aonyeshe panapouma, hakunyoosha kidole. Alishika ubavu wa nyonga kwa kiganja kizima, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele kwenye kinena, mkono ukawa na umbo la herufi C. Mtu wa mgongo hupapasa kiuno. Anayeshika hivi, nyonga ichunguzwe siku hiyohiyo.

Uchunguzi ulionyesha mambo matatu. Kwanza, aliposimama kwa mguu wa kulia peke yake, upande wa kushoto wa kiuno uliinama baada ya sekunde chache, dalili kwamba misuli ya nje ya nyonga imechoka. Pili, nyonga ikikunjwa hadi nyuzi 90, kisha paja likaletwa ndani na kuzungushwa ndani, kinena kiliuma. Tatu, akilala chali na mguu ukashushwa nje ya ukingo wa kitanda huku ukizungushwa nje, alisema anahisi nyonga "inataka kutoka". Neno hilo la mgonjwa lina uzito. Huashiria kwamba kichwa cha mfupa wa paja hakijafunikwa vya kutosha kwa mbele.

Kipimo cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kilikuwa safi, cha uvimbe kwenye damu kilikuwa cha kawaida, na hapakuwa na homa wala kukonda. Hapa kwetu hatua hiyo hairukwi: kifua kikuu cha nyonga, na kufa kwa kichwa cha mfupa kwa sababu ya selimundu, huanza kwa maumivu ya kinena yaleyale.

Picha zilivyosema

Eksirei ya fupanyonga lote, akiwa amesimama, ilipimwa kwa rula na pembe. Kipimo kikuu ni pembe ya Wiberg. Unachora mstari wima kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, na mwingine kutoka hapohapo hadi ukingo wa nje wa kikombe. Nyuzi 25 na zaidi ni kifuniko kizuri. Chini ya 20 kikombe ni kifupi. Katikati ni mpakani. Kulia ilikuwa 12, kushoto 17. Mteremko wa paa la kikombe, yaani pembe ya Tönnis, hutakiwa kuwa kati ya 0 na 10. Kulia ulikuwa 18, kushoto 14.

Uchakavu wa kiungo hupangwa kwa madaraja ya Tönnis, kutoka 0, yaani hakuna, hadi 3, yaani nafasi ya kiungo imekwisha. Kulia kulikuwa daraja la 1: mfupa wa paa umekazana kidogo na kuonekana mweupe, nafasi bado milimita 4. Kushoto kulikuwa 0. MRI ya kulia ilionyesha labramu, ule ukingo laini unaozunguka kikombe, imechanika kwa mbele, huku gegedu, yaani tabaka laini linalofunika mifupa ndani ya kiungo, likiwa bado limesimama vizuri.

Kikombe kifupi huumiza kwa sababu hesabu yake ni mbaya. Mtu anapotembea, kila akisimama kwa mguu mmoja nyonga hubeba takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili. Mgonjwa huyu alikuwa na kilo 66, kwa hiyo kila hatua ilimaanisha mzigo wa kilo 165 hadi 200. Kwenye kikombe kamili mzigo huo husambaa. Kwenye kikombe chake ulikusanyika kwenye ukanda mwembamba wa gegedu pembezoni, na paa lililoinama likawa linasukuma kichwa nje. Labramu hubeba kazi isiyo yake, huvimba, kisha huchanika. Gegedu lenyewe halina neva, ndiyo maana linaweza kuliwa kwa miaka bila mwenyewe kusikia chochote. Tutalirudia jambo hilo, kwa maana ndilo lililoiponza nyonga ya kushoto.

Uamuzi wa 2010

Njia nne zilijadiliwa. Kusubiri kwa dawa na mazoezi kungepunguza maumivu, lakini paa lingebaki vilevile. Kushona labramu kwa kamera kulikataliwa, na kwa haki: ni kuziba ufa wa ukuta huku msingi ukizidi kuzama, na kwenye kikombe kifupi namna hiyo, kukata utando wa kiungo bila kurekebisha mfupa kunaweza hata kuilegeza nyonga zaidi. Nyonga ya bandia kwa mtu wa miaka 26 ingemaanisha kufunguliwa tena mara moja au zaidi maishani.

Iliyobaki ilikuwa kukizungusha kikombe. Upasuaji huu ulibuniwa Bern, Uswisi, na Reinhold Ganz na wenzake. Wa kwanza ulifanywa 1984 na maelezo yake yakachapishwa 1988. Mfupa unaozunguka kikombe hukatwa pande zote, kikombe kikageuzwa pamoja na gegedu lake, kisha kikafungwa kwa skrubu katika mkao mpya. Hakuna kitu cha bandia kinachoingia ndani ya kiungo.

Sababu za kumkubali zilikuwa wazi: umri chini ya 30, uchakavu usiozidi daraja la 1, nyonga inayokunjika hadi nyuzi 110. Picha iliyopigwa paja likiwa limepanuliwa nje ilionyesha kichwa na kikombe vinaoana kama yai na kikombe chake. Kipimo hicho cha mwisho hupuuzwa sana. Picha ya mguu uliopanuliwa huigiza matokeo ya upasuaji, na vitu visipooana hapo, havitaoana baada ya skrubu pia.

Kulia kulitangulia kwa sababu ndiko kulikouma. Kushoto kulipangwa baada ya miezi 18. Barua ya kuondoka ilisema kuhusu kushoto: "Arudi akiona maumivu."

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa alilazwa chali, mguu ukiwa huru. Njia ilikuwa ya mbele, kati ya misuli, na neva ya ngozi ya paja la nje ikalindwa mwanzo hadi mwisho. Kisha yakafuata makato. La kwanza ni la mfupa wa kukalia, chini kidogo ya kikombe. Halikatwi likaisha. Patasi yenye shingo iliyopinda hupelekwa kwa kuhisi na kwa picha ya eksirei, kwa sababu neva kubwa ya mguu iko karibu upande wa nje. La pili hukata tawi la mbele la fupanyonga lote. La tatu hupita juu ya kikombe kwa msumeno. La nne hushuka nyuma ya kikombe na kukutana na la kwanza, likiacha nguzo ya nyuma ya fupanyonga ikiwa nzima.

Nguzo hiyo ndiyo hekima ya upasuaji huu. Ikibaki, pete ya fupanyonga haivunjiki, mgonjwa husimama mapema, na njia ya uzazi haibadiliki sana. Ikivunjika, kila kitu hulegea. Makosa yanayojulikana ni mawili na yako pande zinazopingana: kato la nne likienda mbele mno huingia ndani ya kiungo na kulipasua gegedu linalookolewa, likienda nyuma mno huvunja nguzo.

Kwa mgonjwa huyu makato yote yalikuwa safi. Damu iliyopotea ilikuwa lita 1.1, akaongezewa painti mbili zilizochangwa na ndugu. Leo asidi ya traneksamiki hutolewa kabla ya kukata na hitaji la damu hupungua. Wakati huo haikuwa desturi pale.

Tatizo lilizaliwa kwenye hatua ya kugeuza. Skrubu ndefu ya kushikia iliingizwa kwenye kipande, kikazungushwa nje na mbele, picha ikapigwa kwa mashine ya kutembezwa, ikaonyesha kifuniko kizuri. Kikafungwa kwa skrubu nne za milimita 4.5. Picha hiyo ilionyesha nyonga ya kulia peke yake, fupanyonga lote halikuonekana. Pia kiungo hakikufunguliwa kuangalia shingo ya mfupa wa paja.

Magongo, ngazi na choo

Maagizo yalikuwa kugusa chini kwa kilo 15 tu kwa wiki nane. Kilo 15 si kitu cha kukisia. Mtaalamu wa fiziotherapia aliweka mizani ya nyumbani sakafuni, akamwambia aikanyage kwa mguu wa kulia huku mikono ikiwa kwenye magongo, mpaka sindano isimame kwenye 15, kisha afumbe macho na kurudia. Baada ya siku mbili mguu ulikuwa umejua. Alidungwa dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku kwa wiki nne.

Nyumbani ni ghorofa ya nne, hakuna lifti. Choo ni cha kuchuchumaa. Muuguzi wa wodi ndiye aliyeuliza mambo haya, siku moja kabla ya kuondoka, na swali hilo liliokoa upasuaji. Kuchuchumaa hukunja nyonga kupita nyuzi 110 na kuibebesha mzigo mzima, jambo ambalo skrubu za wiki ya kwanza haziwezi kulistahimili. Alihamia kwa dada yake anayeishi nyumba ya chini, na fundi wa mtaani akamchomelea kiti cha chuma chenye tundu, kimo cha sentimita 48, cha kuweka juu ya choo. Kwa shughuli hiyo kiti kama hicho ni kifaa cha tiba sawa na skrubu.

Wiki ya nane mifupa ilikuwa inaunga. Mwezi wa nne aliacha gongo la mwisho, wa sita akarudi kazini kwa nusu siku. Sehemu ya ngozi ya paja, ukubwa wa kiganja, ilibaki na ganzi. Hilo hutokea mara nyingi na alikuwa ameambiwa mapema, kwa hiyo halikumtisha.

Mwaka 2012 alijifungua mtoto wa kwanza. Kliniki ya wajawazito ilikuwa imemwambia ni lazima apasuliwe kwa sababu "nyonga imekatwa". Barua fupi yenye mchoro wa nguzo ya nyuma ilitumwa, wakunga wakamsikiliza, akajifungua kwa njia ya kawaida.

Mwaka wa tatu: maumivu ya aina nyingine

Mwaka 2013 alirudi na malalamiko mapya. Kutembea hakukuuma. Kilichouma ni kukaa kwenye kigoda akifua, na kiti cha nyuma cha matatu ambapo magoti hupanda karibu na kifua. Nyonga ilikunjika hadi 95 tu, na ikiwa kwenye 90 ilizunguka ndani kwa nyuzi 5.

Safari hii eksirei ilipigwa fupanyonga lote, ncha ya kifandugu ikiwa imelingana na kiungo cha mbele cha fupanyonga. Ndipo ikaonekana: mstari wa ukuta wa mbele wa kikombe unaukata ule wa nyuma karibu na juu. Yaani kikombe kiligeuzwa mbele kupita kiasi kidogo, na sasa ukuta wa mbele unagongana na shingo ya paja. Pembe ya Wiberg ilikuwa 33, pembe ya Tönnis 2. Kwa namba hizo peke yake ungesema kazi ni nzuri. Isitoshe, shingo ilikuwa na nundu ya mfupa iliyokuwapo tangu mwanzo. Kikombe kilipokuwa kifupi, nundu haikuwa na wa kugongana naye.

Wapo waliotaka kikombe kikatwe upya. Wengi waliona kosa ni dogo na kwamba kurudia makato manne kwenye mfupa ulioungana kuna hatari kuliko faida. Kiungo kilifunguliwa kwa mbele kupitia kovu lilelile, nundu ikachongwa milimita 4, skrubu mbili zilizojitokeza zikatolewa. Mezani nyonga ilizunguka ndani nyuzi 20, na maumivu ya kukaa yaliisha baada ya miezi mitatu.

Kushoto kulivyoponyoka

Kwenye ziara hiyo ya 2013 kushoto kulipimwa tena: pembe 17, daraja la 0, maumivu kidogo mwisho wa wiki. Akapangiwa upasuaji 2014. Hakuja. Fedha za kulia zilikuwa zimetoka kwenye chama chake na michango ya jamaa. Hakuona uso wa kuwarudia. Mwaka 2015 alipata mtoto wa pili. Mwanzoni mwa 2017, kinena cha kushoto kikianza kuuma kweli, alikwenda kliniki akakuta milango imefungwa kwa mgomo wa madaktari wa hospitali za umma, ulioanza Desemba 2016 na kuisha Machi 2017. Aliporudi katikati ya mwaka, wauguzi nao walikuwa wamegoma. Akanunua dawa za maumivu, akaendelea na kazi.

Alionekana tena 2019, umri 35, kilo 79, akichechemea. Pembe 16. Daraja la 2. Nafasi ya kiungo milimita 1.8 pembezoni, tundu ndani ya mfupa wa paa, na kwenye picha ya mguu uliopanuliwa kichwa na kikombe havikuoana tena.

Mgonjwa aliomba jambo moja: "Nifanyieni kama ule wa kulia." Kumkatalia kulikuwa kugumu, na timu iligawanyika. Uamuzi wa kukataa uliegemea matokeo ya utafiti wa upasuaji huu uliofanywa Boston, Marekani, yaliyochapishwa 2009, ambapo mambo mawili yalitabiri kushindwa: umri zaidi ya miaka 35, na kiungo kisichooana. Mwenye yote mawili alikuwa na uwezekano wa kushindwa wa asilimia 95. Mgonjwa huyu alikuwa nalo moja kikamilifu na lingine mlangoni, pamoja na daraja la 2. Kumkata fupanyonga, kumweka kwenye magongo wiki nane, kisha kumbadilishia nyonga baada ya miaka miwili au mitatu, kungekuwa kumtoza mara mbili.

Akapewa mpango wa kusubiri kwa kazi: kupunguza uzito hadi kilo 71, jambo alilolifanya kwa miezi 11, mazoezi ya misuli ya nje ya nyonga mara tatu kwa wiki, bakora mkono wa kulia, yaani upande ulio kinyume na nyonga mbovu, kwa kuwa ndivyo inavyopunguza mzigo. Sindano moja ya steroidi ndani ya kiungo ilimpa miezi minne. Haikurudiwa, kwa sababu sindano ikikaribiana na upasuaji wa nyonga ya bandia huongeza hatari ya maambukizi. Nafasi ya miezi mitatu au zaidi huachwa. Korona ilipoingia Machi 2020 upasuaji usio wa dharura ulisimamishwa, foleni ikarefuka. Mwaka 2022, akiwa na miaka 38, alibadilishiwa nyonga ya kushoto: kikombe kidogo cha milimita 46 kisichotumia saruji, kilichowekwa mahali pa kikombe asilia, na kichwa cha kauri cha milimita 32.

Hali mwaka 2025

Kulia, miaka 15: daraja la 1 lilelile, nafasi milimita 3.4, inakunjika 105. Huuma baada ya saa nane za kusimama na hutulia kwa usiku mmoja. Ganzi ya ngozi ipo. Kushoto, miaka mitatu: hakuna maumivu, miguu inalingana. Anatembea bila bakora. Hachuchumai, na choo cha nyumbani kimebadilishwa.

Uchambuzi

Tuanze na onyo. Nyonga mbili za mtu mmoja si utafiti. Kushoto hakukuachwa katika hali ileile: kilo 13 ziliongezeka, mimba mbili zilipita, na wakati wa magongo mguu wa kushoto ndio uliobeba mwili. Hata hivyo kushoto kulianza kukiwa na kifuniko kizuri zaidi na gegedu safi zaidi, kukaishia pabaya zaidi. Ni vigumu kulitazama hilo bila kuona kazi ya paa lililorekebishwa.

Miaka 15 ni matokeo mazuri, lakini yasipambwe. Katika kundi la kwanza la Bern, nyonga 75 za wagonjwa 63, takriban 60 kati ya 100 zilikuwa zingali hazijabadilishwa baada ya miaka 20. Kwenye miaka 30, kwa vigezo vya kushindwa ambavyo watafiti wenyewe walijiwekea, zilizosalia zilikuwa takriban 29 kati ya 100. Waliofanya vibaya ni wale walioingia wakiwa na umri mkubwa, wakichechemea, wakiwa na kinena kinachouma kwenye kipimo cha kukunja, au kiungo kilichokwisha kuchakaa. Mgonjwa wetu alikuwa na kipimo hicho cha kinena tangu 2010. Kilisomwa kama dalili ya labramu tu. Hakuna aliyeuliza kama pia kuna nundu. Mtu wa miaka 26 anapoambiwa "tutaokoa nyonga yako" husikia "milele". Neno linalofaa ni kwamba tunanunua miaka, pengine 20, na miaka hiyo ni ile ya kulea watoto na kufanya kazi.

Kosa la kugeuza kupita kiasi lingeweza kuonekana mezani, na gharama ya kuliona ni dakika kumi. Kabla ya skrubu za mwisho, ipigwe picha ya fupanyonga lote, si ya nyonga moja. Fupanyonga likiinama mbele au nyuma mezani, kuta za kikombe hudanganya. Halafu ukunje nyonga hadi 90 na kuizungusha ndani. Ikigoma, ama kipande kimekwenda mbele mno au shingo ina nundu, na zote hurekebishwa saa hiyohiyo. Lengo la pembe ya Wiberg liwe 25 hadi 35, lakini namba ya upande isikufanye usahau mbele na nyuma. Daktari anayeanza hukosea kwa kufunika zaidi, akidhani kifuniko kikubwa ni usalama mkubwa. Kikombe kirefu mno hugonga, na kinachogonga huchakaa pia.

Uamuzi wa 2013 wa kuchonga badala ya kukata upya ulikuwa sahihi kwa maoni yetu, na miaka 12 iliyofuata imeuunga mkono. Kama pembe ya Wiberg ingekuwa 42, au kuta zingekatana hadi chini, jibu lingekuwa jingine.

Uamuzi wa 2019 unaweza kupingwa. Yapo makundi ya wagonjwa wa daraja la 2 waliopata miaka kadhaa mizuri, na alikuwa hajavuka 35. Kilichoamua ni kutokuoana kwa kiungo. Umri hauwezi kurekebishwa kwa mazoezi, lakini angalau haubadilishi umbo la mfupa. Kichwa kilichoharibika umbo hakitageuzwa kikawa cha mviringo kwa kukizungushia kikombe.

Kilichoshindwa zaidi katika kisa hiki hakikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Kilikuwa yale maneno matatu kwenye barua: "Arudi akiona maumivu." Kwa kiungo ambacho gegedu lake halina neva, maumivu ni mjumbe anayefika jioni. Kati ya 2013 na 2019 nyonga ilitoka daraja la 0 hadi la 2, na kwa karibu nusu ya muda huo mwenyewe alisema iko sawa. Nyonga yenye pembe chini ya 20 inastahili eksirei kila mwaka au miaka miwili, iwe inauma au haiumi, na tarehe iandikwe. Daftari la kliniki alilokuwa nalo lilikaa kwake kabatini. Hospitali haikuwa na namba yake ya simu, wala orodha ya waliopangiwa wasije. Mgomo ulifunga mlango kwa miezi, lakini hakuna aliyempigia mlango ulipofunguka.

Fedha nazo zilipangwa kwa mguu mmoja. Makisio ya 2010 yaliyopelekwa kwa jamaa yalitaja kulia tu, ingawa timu ilijua kuna nyonga mbili. Familia ingeelezwa mapema kwamba ni safari ya upasuaji mara mbili, pengine mara tatu ukihesabu kutoa skrubu, mchango ungeweza kupangwa kwa miaka. Kumrudisha mtu kwa jamaa zake na bakuli lilelile ni kumwaibisha, na wengi huchagua maumivu.

Jambo lililofanywa vizuri mwishoni linahusu watoto. Kikombe kifupi hufuata ukoo, hasa kwa mabinti, na mtoto aliyekaa matako mbele tumboni yumo hatarini zaidi. Mvulana alipigwa picha, yuko salama. Binti, ambaye sasa ana miaka 13, ana pembe 26 kulia na 21 kushoto, hana maumivu, anacheza netiboli. Hakukatazwa. Amepangiwa eksirei nyingine mwaka 2026, na kwenye kadi yake, inayobaki kliniki, zimeandikwa namba tatu za simu: ya mama, ya baba, na ya yule dada yake mama, wa nyumba ya chini.